Chicago ya Brecht jukwaani Mtwara: nendeni, ila kijitabu kiacheni mezani

Kikundi cha maigizo kinachotumia ukumbi wa shule moja huku Shangani kinaonyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Mjerumani Bertolt Brecht kuhusu Joana wa machinjio ya Chicago, msichana wa dini anayewatetea wafanyakazi. Ni kila Jumamosi saa 1:00 usiku, sh 5,000, wanafunzi sh 2,000. Onyesho linachukua saa mbili na nusu. Kaa upande wa kushoto, maana jenereta iko kulia nyuma ya jukwaa, na ikiwashwa safu za kulia hazisikii nyimbo.

Kinachostahili kiingilio ni soko. Mauler, tajiri wa nyama, anapata barua ya siri kutoka kwa marafiki zake New York: jitoe. Anajitoa. Bei zikishaanguka, ananunua kwa mkataba nyama yote ya makopo ambayo wenye viwanda watatengeneza, kisha kimya kimya ananunua na ng'ombe wote waliopo. Wenye viwanda wanadaiwa makopo na Mauler, na ng'ombe wa kutengenezea hayo makopo wako kwa Mauler huyohuyo. Wakala wake, Slift, anapandisha bei mno, wanunuzi wanafilisika, na soko linaporomoka na kila mtu ndani yake.

Mtu wa Tandahimba au Newala hahitaji kufafanuliwa hayo. Wakulima walioigomea bei ya mnada wa korosho Oktoba 2018 wanajua bei inavyoweza kupangwa na watu usiowaona. Ila mfasiri amemwita Slift "kangomba", na ukumbi ulicheka, lakini si sahihi. Kangomba, mlanguzi wa korosho, humnyemelea mkulima mwenye shida kabla ya msimu. Slift anawabana matajiri wenzake kwa mkataba halali. Hapo ndipo ukali wa Brecht ulipo: hakuna sheria iliyovunjwa.

Kasoro kubwa ni mbili. Bei zinapigiwa kelele haraka bila kuandikwa popote, hivyo katikati ya onyesho watu wanapotea. Ubao mmoja na chaki vingetosha, na Brecht mwenyewe alipenda mabango jukwaani. Ya pili iko mwishoni: Joana anakufa akisema alichojifunza, na kwaya inaimba chinichini kwa adabu ili asikike. Ni kinyume kabisa. Wachinjaji wanamtangaza mtakatifu na kuimba kwa nguvu ili asisikike. Kwaya ipandishe sauti, na machozi ya Joana yapunguzwe.

Kijitabu cha sh 1,000 kinadai Brecht aliandika haya baada ya kuishi Marekani. Sivyo. Chicago aliiweka jukwaani kwanza mwaka 1923 akiwa Munich, katika tamthilia nyingine, ameijua kwa vitabu tu; hii ya Joana aliiandika kati ya 1929 na 1931. Marekani alikanyaga mara ya kwanza 1935, na akaenda kuishi California mwaka 1941 akimkimbia Hitler. Kwa hiyo Chicago yake ni ya kubuni, ya kijana wa Augsburg aliyependa ndondi na jazi. Kabla ya hapo alijaribu tamthilia kuhusu soko la ngano la Chicago, akauliza wajuzi soko linavyofanya kazi, hakupata jibu la kuridhisha, akaiacha bila kuimaliza na kuanza kumsoma Marx.

Mapenzi yake kwa Marekani hayakutulia kamwe. Mwaka 1929 alimsifu rubani Lindbergh kwenye mchezo wa redio. Mwaka 1950 akalifuta jina la Lindbergh kwa sababu ya ukaribu wa rubani huyo na Wanazi. Alipofika Hollywood aliandika kwamba kila asubuhi anakwenda soko linakonunuliwa uongo, naye anapanga foleni na wauzaji. Tarehe 30 Oktoba 1947 alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti, kesho yake akapanda ndege kwenda Ulaya. Tamthilia ya Joana ilipanda jukwaani 1959, yeye ameshafariki miaka mitatu.

Na kijitabu hakimtaji Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia mzaliwa wa mkoa wa Lindi, aliyesomea udaktari wa tamthilia Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, jiji ambako Brecht aliacha kikundi chake. Kurasa nane, na mtu wa nyumbani kakosa mstari mmoja.

Wa Mikindani, mwambieni dereva wa bajaji asubiri. Saa 3:30 usiku barabara inakuwa tupu.