Firefox kwenye Mtandao wa Ofisi: Kivinjari cha Kutafutia Hitilafu

Katika ofisi ambayo kompyuta zote hufika kwenye intaneti kupitia seva ya proksi (kompyuta ya kati inayopokea na kupitisha maombi yote ya intaneti), mtumishi anapolalamika kuwa tovuti haifunguki, fundi hutaka kwanza kujua kama kasoro iko kwenye kompyuta, kwenye mtandao wa ofisi au kwenye tovuti yenyewe. Nimeipima Firefox kwa kazi hiyo tu, wala si kwa kasi yake, na naona inastahili kuwekwa hata pale ambapo Chrome ndiyo inayotumika kila siku.

Sababu kubwa ni mipangilio yake ya proksi. Chrome kwenye Windows kwa kawaida hufuata mipangilio ya mfumo, kwa hiyo ukiibadilisha umezigusa na programu nyingine zinazoitegemea. Firefox nayo huanza kwa kufuata mfumo, lakini unaweza kuielekeza kwenye proksi nyingine, au kuizuia isitumie proksi kabisa, bila kuvuruga chochote nje yake. Ikiwa tovuti ya ndani ya ofisi inagoma katika Chrome na kufunguka katika Firefox isiyopitia proksi, umeshajua pa kuanzia.

Upande wa vyeti vya usalama, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha utambulisho wa tovuti, umeboreka sana. Zamani Firefox ilitegemea orodha yake yenyewe ya watoaji wa vyeti, na katika ofisi ambazo kichujio hufungua na kukagua mawasiliano yaliyosimbwa (yaliyofichwa kwa msimbo), ujumbe wa SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER, yaani mtoaji wa cheti hajulikani, ulijitokeza kwenye tovuti ambazo Chrome ilizifungua bila neno. Tangu toleo la 120 la Novemba 2023, huvitambua yenyewe vyeti ambavyo ofisi imeviongeza kwenye Windows au macOS. Napenda pia kwamba saa ya kompyuta inapokosea, ukurasa wa hitilafu huweza kuonyesha tarehe ambayo kompyuta inadhani ni ya leo. Betri ndogo ya saa ikifa na umeme ukakatika, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na cheti kisicho na kasoro huonekana hakijaanza kutumika.

Pale jina la tovuti lisipopatikana, sifa zinapungua. Ujumbe huwa uleule, uwe umekosea herufi au seva ya DNS ya ofisi, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, imelala, na mtumishi wa kawaida hana la kufanya nao. Zaidi ya hayo, mtu akiwasha DNS iliyosimbwa kwa kiwango cha juu kabisa, majina ya seva za ndani huenda yasipatikane, kwa kuwa maswali yanapelekwa nje ya ofisi. Ukikuta mfumo wa mishahara haufunguki katika Firefox peke yake, tazama hapo kabla ya kugusa kebo. Namba za hitilafu kama 403 na 407 usiilaumu Firefox kwazo: ya kwanza hutoka kwa seva au kichujio kinachokataa, na ya pili ni proksi inayodai jina na nywila.

Kwa ofisi yenye kompyuta nyingi ningechagua toleo la ESR (toleo la Firefox la msaada wa muda mrefu), ambalo halibadilishwi vipengele kila mara, na kulisimamia kwa faili la mipangilio liitwalo policies.json, linalokubalika tangu toleo la 60 la mwaka 2018. Fungeni mipangilio ya DNS kwa watumishi wote, ila kompyuta ya fundi iachwe wazi. Proksi ikifungwa huko nako, faida niliyoisifu hapo juu haipo tena.