Uzoefu wangu na kisahani cha joto kwa simbilisi wanaolala nje

Nimekitumia kisahani hiki majira mawili ya baridi hapa Sheffield, Uingereza, kwa simbilisi (guinea pig) wawili majike, Tangawizi na Karafuu, waliokuwa wakilala kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba. Nilipokuwa nakitafuta sikuona Mswahili hata mmoja aliyeeleza kinavyofanya kazi, na najua tuko wengi huku ambao watoto wametuomba hawa wanyama tukakubali.

Ni duara la plastiki ngumu, upana wake kama kisahani cha kikombe kikubwa cha chai, unene wa vidole viwili. Unakipasha kwenye maikrowevu dakika chache kulingana na wati za maikrowevu yako. Maelekezo yamebandikwa mgongoni, yafuate, usikisie. Kisha unakivisha mfuko wake wa kitambaa laini na kukisukumia chini ya majani. Hakina waya, kwa hiyo hakuna cha kutafunwa. Nililipa pauni 22. Ilikuwa Desemba 2022, wiki ile baridi ilipokaza nchi nzima, na umeme ulikuwa umepanda bei kiasi kwamba hita ya bandani sikutaka hata kuifikiria.

Boksi linaahidi saa 10. Mimi nilikuwa nakiweka saa 4 usiku. Saa 11 alfajiri nikipenyeza mkono chini ya majani, kitambaa kilikuwa bado vuguvugu, na ikifika saa 1 asubuhi kimeshapoa. Kwa usiku wa baridi kali, mimi naona kimejitahidi. Na wenyewe walikipenda. Asubuhi ya kwanza niliwakuta wamekilalia kila mmoja upande wake, migongo imegusana. Nikamshika Tangawizi masikio: yalikuwa na joto. Usiku uliotangulia masikio yaleyale yalikuwa ya baridi kama kijiko kilicholala nje.

Lakini niliweka pia vipimajoto viwili, kimoja ukutani nje, kingine kwenye chumba chao cha kulala. Nje kilisoma hasi 4. Chumbani, kisahani kikiwa ndani na majani yamejaa hadi darini, kilisoma 7. RSPCA, shirika la kutetea wanyama la hapa Uingereza, linashauri simbilisi waingizwe ndani joto likishuka chini ya nyuzi 15. Kwa hiyo kisahani kinampa mnyama mahali pa kuegemeza tumbo, ila hakipashi banda. Ukikinunua ukitegemea kipashe banda, utawatesa.

Kilichonifundisha zaidi ni kosa langu. Pamoja na kisahani nilinunua kwa muuzaji mwingine kifuniko cha banda, plastiki nzito yenye dirisha la kuonea, nikakifunga pande zote hadi chini nikiamini nimeziba upepo. Siku ya nne nilipofungua, harufu ya mkojo ilinipiga usoni hadi macho yakawasha. Kwa ndani plastiki ilikuwa imetokwa jasho, matone yananing'inia kwenye dari la mbao na kudondokea kwenye majani. Karafuu alikuwa amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, jicho moja lina utandu. Alikuwa anapiga chafya. Daktari wa mifugo akamsikiliza kifua, akasema ni maambukizi ya njia ya hewa, akampa antibiotiki. Kwa simbilisi hilo si jambo la kusubiri, maana anaanza kukataa chakula, na tumbo lake likisimama anaweza kukuponyoka kwa siku moja au mbili. Alipona, namshukuru Mungu, lakini zile siku za kumlisha kwa bomba la sindano mtoto akiwa amesimama pembeni kimya, sizisahau.

Baada ya hapo niliacha uwazi wa kiganja juu ya kifuniko ili hewa ipite, nikainua banda juu ya matofali lisiguse ardhi, na kila siku nikawa natoa majani yaliyolowa. Chini niliweka magazeti, juu yake mabua ya ngano kwa ajili ya joto, na hei, yaani nyasi kavu za kula, nyingi, tena nyingi kweli, kwa sababu hei ndiyo inayowaweka tumbo likifanya kazi, na tumbo linalofanya kazi linatoa joto. Pilipili hoho kipande kila siku kwa ajili ya vitamini C, kwani mwili wao hauitengenezi. Chupa ya maji niliivisha soksi ya sufu, na hata hivyo kigololo cha mdomoni kiliganda asubuhi mbili. Kiguse kwa kidole kila ukipita. Chupa inaweza kuonekana imejaa kumbe mnyama ana kiu.

Marehemu bibi yangu alifuga simbilisi Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na Makete ya mwezi wa sita wanaoijua wanaijua, unaamka sakitu imetanda kwenye majani. Simbilisi wake hawakulala nje hata siku moja. Walikaa jikoni, kwenye ukuta ulio karibu na mafiga, sakafu kavu, na mtu akiingia na majani ya mahindi wanapiga miluzi wote. Watu huniambia wanyama hawa asili yao ni milima ya Andes, basi baridi si kitu kwao. Huko Andes nako, Peru na Bolivia, wanavijiji huwafuga jikoni.

Kwa hiyo msimu uliofuata, mwezi wa 10 ulipofika na usiku ukaanza kushuka chini ya 10, nikawahamishia kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko letu. Kisahani bado ninacho, kimepata mikwaruzo tu. Nakitumia kwenye boksi la safari ninapowapeleka kwa daktari, na usiku stoo inapopoa. Kwa anayeishi kwenye nyumba asiyoweza kuingiza mnyama ndani, ningemwambia anunue viwili, kimoja kikipoa alfajiri kingine kiingie, na aahidi kuamka. Nyota nne kati ya tano. Kile kifuniko nimekitandika juu ya kuni.