Programu ya Kuhakiki Hoja za Ukaguzi: Nguvu Zake na Pengo Lake

Programu hii ya kufuatilia hoja za ukaguzi (dosari ambazo mkaguzi ameziibua na kuagiza zirekebishwe) katika taasisi za fedha imeziba mwanya mmoja mkubwa: aliyeagizwa kurekebisha dosari hawezi kuifunga hoja yeye mwenyewe. Huambatisha vielelezo, na mkaguzi asiyehusika na utekelezaji ndiye anayevipitia, huku kila hatua ikibaki na jina, tarehe na saa. Kilichonivutia zaidi ni kutenganishwa kwa hoja iliyotekelezwa na hoja iliyothibitishwa, kwa kuwa waraka mpya wa utaratibu wa mikopo, hata ukiidhinishwa na bodi nzima, hauonyeshi kwamba mikopo iliyotolewa baadaye ilifuata utaratibu huo; ni lazima mkaguzi achukue sampuli ya majalada ya karibuni na kuyapima upya. Pasipo sampuli hiyo, mfumo hukataa kufunga hoja nzito. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani, vilivyoanza kutumika Januari 2025, navyo vinamtaka mkaguzi athibitishe kuwa mapendekezo yametekelezwa.

Udhaifu uko kwenye sehemu ya kujaza chanzo cha tatizo. Mtumiaji hupewa orodha fupi ya kuchagua, na wengi (si ajabu) watachagua uzembe wa mtumishi, hata pale ambapo kasoro imo ndani ya mfumo wenyewe. Aidha, hoja inayojirudia katika matawi tofauti huhesabiwa kama hoja mpya kila mara, jambo linaloificha menejimenti ukubwa wa kasoro.

Ripoti zake zinaridhisha. Ningeipendekeza kwa benki yenye matawi mengi. Chama kidogo cha akiba na mikopo kinaweza kutumia jedwali la kawaida, mradi anayefunga hoja si yule aliyeirekebisha.