Vishikizo vya demo vya Marker Griffon kwenye skii za mitumba: tathmini

Anayenunua skii za mitumba, yaani vibao vya kutelezea kwenye theluji, huku Colorado anapaswa kujiuliza, kabla ya kutazama rangi au urefu wake, iwapo vishikizo vilivyofungwa juu yake, yaani vifaa vya mbele na nyuma vinavyolishika buti kwenye skii, vitalipokea buti lake bila skii kutobolewa upya. Vishikizo vya kawaida hukazwa kwa skrubu zinazoingia ndani ya skii, na kwa kawaida ni kile cha nyuma tu kinachosogea, tena kwa milimita 20 au 30 hivi, kwa hiyo mwenye buti refu au fupi zaidi hana budi kulipa fundi atoboe matundu mapya. Vishikizo vya demo vilibuniwa kwa ajili ya maduka yanayowakodishia wateja skii na kuwajaribisha: cha mbele na cha nyuma vyote hutembea juu ya reli, na skii moja huweza kumhudumia leo mtu mwenye mguu mdogo na kesho mwenye mguu mkubwa. Majira ya baridi yanapoisha, maduka hayo huuza akiba yao kwa bei ya chini sana, na hapo ndipo mimi na familia yangu tulipopata skii zetu, zikiwa na toleo la demo la Griffon, modeli ya vishikizo ya kampuni ya Marker. Nimeridhika nazo, lakini nina masharti.

Kuvitambua si kazi ngumu ukijua pa kutazama. Kishikizo cha demo hukaa juu ya reli ndefu, na pembeni mwa reli hiyo, mbele na nyuma, kuna mistari yenye namba za milimita, ambazo ni urefu wa soli ya buti. Ikiwa namba ziko nyuma tu, au hazipo kabisa, huenda unatazama kishikizo cha kawaida hata kama muuzaji anakiita demo. Kuna pia aina ya tatu inayowachanganya wengi, nayo ni vishikizo vya mfumo, ambavyo reli yake ni sehemu ya skii yenyewe iliyotengenezwa kiwandani. Hivyo navyo husogea mbele na nyuma, na kwa mnunuzi wa mitumba ni vizuri vilevile, isipokuwa kwamba kikiharibika kimoja utalazimika kutafuta kingine cha mfumo uleule, kwa kuwa mara nyingi reli ya kampuni moja haipokei kishikizo cha nyingine. Jina lililoandikwa juu ya kishikizo nalo lisikupotoshe: Tyrolia, kwa mfano, hutengeneza vishikizo vinavyouzwa kwa majina ya Head, Fischer na Elan, kwa hiyo mwongozo unaoutafuta unaweza kuwa chini ya jina jingine.

Kabla ya kugusa chochote, soma urefu wa soli ya buti lako. Umechongwa kwenye plastiki, mara nyingi ubavuni karibu na kisigino, kwa milimita, na haulingani na saizi ya mguu, kwani mabuti mawili ya saizi moja kutoka kampuni mbili yanaweza kupishana kwa milimita kadhaa. Tuseme ni 315. Unalegeza kizuizi cha kishikizo cha mbele, ambacho kwenye aina nyingi za demo ni kilimi au wenzo unaoinuliwa kwa bisibisi, unakisogeza mpaka alama isome 315, kisha unafanya hivyohivyo nyuma. Namba hizo mbili zikilingana, katikati ya buti hukaa pale aliyefunga reli alipokusudia, ambapo kwa kawaida ni kwenye alama ya katikati iliyochorwa juu ya skii. Hapa ndipo demo inapompa mwenyewe uhuru ambao vishikizo vya kawaida havimpi: ukiweka mbele 305 na nyuma 325, buti la 315 bado litaingia, ila litakuwa limerudi nyuma milimita 5. Anayependa theluji laini na yenye kina anaweza kuufurahia mpangilio huo, na akirudi kwenye theluji ngumu arudishe kama ulivyokuwa.

Wengi huishia hapo, wakisikia buti limelia kwa kishindo na kushika, na ni kosa la hatari. Springi iliyo ndani ya kishikizo cha nyuma inatakiwa kulisukuma buti kuelekea mbele kwa nguvu iliyopimwa, ili skii inapopinda na kujinyoosha chini yako buti liendelee kushikwa sawasawa. Nguvu hiyo ikipungua, unaweza kuvuliwa skii katikati ya mteremko bila kuanguka. Ikizidi, kishikizo cha mbele kinaweza kukataa kuachia wakati goti lako linakihitaji kiachie. Namba ya reli inakufikisha tu karibu na kipimo sahihi, kwa sababu reli ina hatua zake na soli za mabuti yaliyotumika huwa zimelika. Ukaguzi wa kweli hufanywa buti likiwa limeingizwa na kufungwa, kwa kutazama alama ya mgandamizo huo wa springi nyuma ya kishikizo. Kwenye Griffon ya kawaida, isiyo ya demo, alama hiyo ni kichwa cha skrubu kinachotakiwa kuwa sawia na gamba linalokizunguka. Kampuni nyingine hutumia mshale au ulimi wa chuma unaopaswa kuangukia kati ya mistari miwili. Tafuta mwongozo wa modeli uliyonayo na uufuate huo, usihamishe kanuni ya kampuni moja kwenda kwa nyingine.

Kinachofuata ni kipimo cha kuachia, yaani namba ya nguvu inayohitajika ili kishikizo kiliachie buti, ambacho watu hukiita DIN. Griffon 13 huanzia 4 na kuishia 13, na mipaka hiyo inamhusu moja kwa moja mnunuzi: mtu mwepesi anayeanza kujifunza anaweza kuhitaji namba iliyo chini ya 4, na kwake kishikizo hiki hakifai hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Namba inayokufaa hutokana na jedwali la kiwango cha ISO 11088, linalotazama uzito, kimo, umri, urefu wa soli na namna unavyoteleza. Mwenye miaka 50 au zaidi hushushwa daraja moja, na soli ndefu huhitaji namba ndogo kuliko soli fupi kwa mtu wa uzito uleule. Kwa hiyo mume na mke wanaopokezana skii moja, jambo ambalo demo inalirahisisha kweli, wasidhani kwamba kusogeza reli kunatosha. Kuna skrubu mbele na nyuma kwenye kila skii, jumla nne, na zote lazima zibadilishwe kila mara skii inapobadilisha miguu.

Soli nazo zimebadilika miaka hii. Mabuti mengi mapya yana soli ya GripWalk, iliyopinda kidogo ili kurahisisha kutembea, na Griffon za zamani hazikutengenezwa kwa ajili yake. Zenye herufi ID katika jina hupokea soli za kawaida, GripWalk na za kupandia milima, lakini urefu wa kwenda juu wa kishikizo cha mbele lazima urekebishwe kila unapobadilisha aina ya soli. Kwa mitumba, hili ndilo ningeliuliza kwanza dukani.

Kasoro zipo. Vishikizo hivi ni vizito kuliko Griffon ya kawaida na humwinua mtu juu zaidi ya skii, na vikiwa vimetumika misimu kadhaa huanza kuchezacheza kwenye reli. Shika kishikizo cha nyuma ukitikise kushoto na kulia kabla hujalipa. Mchezo mdogo ni wa kawaida, ila ukisikia kinagongagonga, achana nacho. Kagua pia nyufa kwenye plastiki, breki zilizopinda, na kibao cha kuteleza kilicho chini ya ncha ya buti, ambacho kikichubuka hukwamisha buti lisizunguke kutoka.

Marekebisho ya reli unaweza kuyafanya nyumbani, lakini kabla ya kupanda Loveland au mlima mwingine wowote, mpelekee fundi mwenye cheti skii zote mbili pamoja na mabuti yote mawili, aipime kwa mashine nguvu halisi inayohitajika ili kishikizo kiachie. Maduka ya Marekani hukataa kugusa vishikizo ambavyo mtengenezaji ameviondoa kwenye orodha anayoidhamini, kwa hiyo piga simu ukiwa bado mbele ya muuzaji, umsomee fundi jina la modeli, kisha uamue kama utatoa pesa.