Antena Tatu Zisizojua Kusimama

Asubuhi zimesimama. Jioni zimelala. Sijazigusa mimi, watoto hawazifikii, na paka sina.

Haya ni maoni yangu kuhusu kifaa changu cha waifai. Kasi yake na mengine yaliyoandikwa kwenye boksi sitayagusa, kila mtu anaweza kuyasoma mwenyewe. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu kwenye hiki kifaa cha waifai: goti la antena. Antena ziko tatu, za nje, na kila moja ina kiungio pale chini cha kuikunja na kuizungusha. Wiki za kwanza kiungio kilikuwa kinakaza vizuri, unasikia kabisa "tak, tak" ukiikunja. Siku hizi hakuna tak. Ukiisimamisha inakaa kidogo kama mtu anayesinzia kwenye kikao, halafu inaanza kuinama taratibu.

Lakini ngoja nianze na fundi, maana yeye ndiye aliyenifanya nijue kwamba antena inaweza kumkosesha mtu usingizi.

Alikipachika ukutani, nyuma ya kona ya kabati la chuma, akazikunja antena zote tatu zielekee mlango wa chumba ninachofanyia kazi, ncha zikinitazama kama vidole vya mtu anayenigombeza. Nikamuuliza mbona zimekaa hivyo. "Bosi, unataka netiweki ije kwako au iende kwa jirani?" Nikacheka, nikamlipa, akaondoka. Sasa ndiyo najua nilikuwa nacheka ujinga wangu mwenyewe.

Antena hizi za fimbo si tochi. Hazimwagi mawimbi kwenye ncha. Chukua tairi, lichomeke kwenye fimbo iliyosimama: mawimbi yanakwenda kama tairi lile, yanazunguka ubavuni pande zote, na pale juu ya ncha ndipo yanapokuwa dhaifu kuliko kwingine kote. Kwa hiyo ukimwelekezea mtu ncha unakuwa umemnyima. Mimi nilinyimwa na antena tatu kwa mpigo, kwa pesa yangu.

Nilikuja kugundua kwa bahati, siku niliyoweka kwenye simu programu ya kupima waifai. Mezani kwangu ilisoma hasi 76. Namba hizi zinasomwa kinyume, kadiri inavyoisogelea sifuri ndivyo netiweki inavyokuwa na nguvu, na hasi 76 kwa kikao cha video ni kuona nyuso zimeganda na kusikia sauti za roboti. Nikapanda kwenye kiti, nikasimamisha mbili wima, na ile ya tatu nikailaza kwa makusudi ili tairi lake lisimame na kupeleka mawimbi ghorofani kwa dada yangu. Nikarudi mezani: hasi 66. Desibeli 10 tu, ndicho kipimo chenyewe, utasema. Kwa hesabu za redio hizo ni nguvu mara kumi, na sikutoa hata senti. Siku ile ningekipa kifaa hiki nyota tano na ya sita ningeiazima.

Jioni yake, katikati ya kikao, nikaganda tena. Kutazama ukutani: iliyotakiwa kulala imelala, na zilizotakiwa kusimama nazo zimelala.

Nikampigia fundi. Nilikuwa mpole kabisa, nikamweleza habari ya goti. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, tena kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: "Bosi, hizo antena ni mapambo. Hata ukizing'oa, waifai utapata." Akakata simu.

Mapambo! Mtu aliyezikunja zote tatu zinitazame, anazungumzia netiweki kwenda kwa jirani, leo ananiambia ni mapambo. Na kung'oa ndiyo ushauri mbaya kuliko wote. Redio iliyomo ndani inasukuma nguvu itoke kupitia antena. Ukiiondoa, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakosa pa kwenda na kurudi ndani. Ukiwa karibu kweli utapata vijiti viwili vitatu kwenye simu, ndiyo maana watu wanadanganyika.

Kwa hasira hiyo nikanunua antena nyingine, ndefu, za desibeli 9. Hapa kosa ni langu, na nalisema mwenyewe kabla dada hajalisema. Antena kubwa haizalishi nguvu, inalikandamiza lile tairi tu. Linakuwa pana na jembamba kama sahani. Chini nikafurahia, juu nyumba ikawaka moto. "Umeniibia waifai!" Ndivyo ilivyokuwa hasa: kilichoongezeka ubavuni kilikuwa kimetolewa juu na chini. Isitoshe, urefu ule ulikuwa na uzito wake. Magoti yake nayo hayakuweza kuubeba, yakainama saa hiyo hiyo.

Nikarudisha za zamani. Halafu siku moja, hata sijui kilichonisukuma, nikakihamisha chenyewe. Nikakitoa kwenye kona ya lile kabati, nikakipandisha juu katikati ya nyumba, mahali pasipo na chuma wala kioo kikubwa mbele yake. Mezani: hasi 57. Nikasubiri jioni, antena zikalala kama kawaida yao, nikapima tena: hasi 60. Basi. Ndani ya nyumba mawimbi yanagonga kuta na kurudi, na simu yenyewe mtu anaishika vyovyote, kwa hiyo ukikiweka mahali pazuri mkunjo wa antena unapungua umuhimu.

Yaani fundi alikuwa na nusu ya haki, na hilo ndilo linaloniuma kuliko goti lenyewe. Lakini nani alikificha nyuma ya kabati?

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuja hapa kuandika moja. Kwa haki yake, hakijawahi kuzima, hakipati joto, na tangu kihamie katikati dada hajapiga kelele. Nne, basi. Hapana, tatu; kiungio cha plastiki kinachochoka kabla mwaka haujaisha si kitu cha kumsamehe mtu aliyekitengeneza, na sasa hivi antena ya kushoto imefungiwa kalamu kwa raba bendi kama mguu uliovunjika. Mbili, mgeni akiwa ameshaiona ile kalamu.

Mkitaka kubadilisha antena kama mimi, angalieni katikati ya tundu la skrubu kwenye kifaa. Changu kina pini, kwa hiyo kinataka antena yenye kitundu. Zile za kwanza nilizoletewa zilikuwa na pini pia, na kwa kuwa nyuzi za skrubu zinalingana kabisa, nilikaza pini kwa pini mpaka moja ikapinda, huku najiambia hatimaye nimepata antena isiyolegea.