Kapsuli tatu, saketi mbili: tathmini ya vifaa vya kujiundia maikrofoni ya kondensa

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikilehemu, nikifungua na kufunga tena viwiliwili viwili vya BM-800, ile maikrofoni ya bei nafuu iliyozagaa katika vyumba vya kurekodia vya mitaani hapa Dar es Salaam, ambayo nyuma ya wavu wake mpana huwa na kikapsuli (kapsuli ndicho kiungo kinachonasa sauti) kidogo cha elektreti, yaani chenye chaji ya kudumu, kisicholingana hata kidogo na ukubwa wa umbo lake. Katika viwiliwili hivyo nimejaribu kapsuli tatu, yaani K67 na K47 za kiwambo kikubwa (kiwambo ni utando mwembamba unaotikiswa na sauti), zote zikiwa nakala zilizotengenezwa China, pamoja na TSB-2555 ya Transsound, na nikazioanisha na saketi mbili: ya kwanza ni ya mtindo wa kampuni ya Schoeps, isiyo na transfoma, na ya pili inafuata muundo wa awali wa U87, maikrofoni ya kampuni ya Neumann, yenye transfoma kwenye tokeo.

Naanza na K67, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa kuliko zote, na kwa maoni yangu inaonewa. Kapsuli hii ilibuniwa na Neumann kwa ajili ya maikrofoni yake ya U67 ya mwaka 1960, na tangu mwanzo kiwambo chake kina tabia ya kuinua sauti za juu kwa desibeli kadhaa kuzunguka kilohezi 10. Wabunifu waliijua tabia hiyo na wakaipangia dawa ndani ya saketi, ambamo sehemu ya sauti inayotoka hurejeshwa kinyume kwenye ingizo ili kuzishusha zile za juu, hivyo kapsuli na saketi vikikutana husawazishana. Watengenezaji wengi wa maikrofoni za bei ya chini waliichukua kapsuli peke yake na kuibandika kwenye saketi ya mtindo wa Schoeps, ambayo kazi yake ni kupitisha kila kitu jinsi kilivyo bila kuongeza wala kupunguza, na matokeo yake ni ule ukali unaochoma masikio ambao wanunuzi huuita ubovu wa kapsuli.

Nilipoipima kwa sauti yangu nilisoma sentensi moja mara kadhaa: "Shangazi Salma ameshusha mashuka sita sakafuni." Kiswahili kimejaa s na sh, kwa hiyo msomaji wa habari au wa hadithi hana pa kujificha. Kwenye saketi ya Schoeps kila "sh" ilitoka kama mafuta yanayomwagikia kikaango cha moto, na kila nilipojaribu kuipunguza baadaye kwa programu, sauti nzima ilififia pamoja nayo. Niliihamishia kapsuli ileile kwenye saketi ya U87, nikakaa umbali uleule wa shubiri moja, na mashuka ya shangazi yakashuka kwa utulivu. Sikubadilisha kitu kingine chochote, hata wavu ulikuwa uleule.

K47 ni habari nyingine. Ndiyo iliyorithi nafasi ya kapsuli ya M7 katika U47, maikrofoni iliyoingia sokoni mwaka 1949, na haina mwinuko mkali wa juu kama wa K67, kwa hiyo haihitaji saketi ya kuituliza. Ndani ya saketi ya Schoeps ilinipa sauti nzito ya katikati, inayosikika karibu, na kwa msomaji wa kaswida niliyemrekodi ndiyo iliyopendeza zaidi. Nilipoitia kwenye saketi ya U87 ilifanya nilichokitarajia: sauti ilizibwa, mithili ya mtu anayezungumza nyuma ya pazia, kwa sababu saketi ilikuwa ikipunguza kitu ambacho kapsuli haikukiongeza.

Hapa pana tahadhari kwa mnunuzi. K47 ya kwanza niliyoagiza haikuwa K47. Muuzaji aliiandika hivyo kwenye kifurushi, lakini nilipoitazama ubavuni kwa kioo cha kukuza niliona mstari wa maungio ya mabamba mawili, ilhali muundo wa asili wa K47 una bamba moja la kati linalotumiwa na viwambo vyote viwili, na ilipowashwa ilichoma masikio sawasawa na ile K67. Fedha nilirejeshewa nusu tu, baada ya barua nyingi.

TSB-2555 ni ya bei ya chini kuliko zile mbili, na kwa anayejenga maikrofoni yake ya kwanza ndiyo ningemshauri aanze nayo. Ni ya elektreti, chaji yake imo ndani tayari, hivyo haihitaji volti za kuichaji kutoka kwenye umeme wa fantomu, yaani ule unaoletwa na waya wa maikrofoni wenyewe, na waya unaopeleka volti hizo huachwa bila kuunganishwa. Kwenye saketi ya Schoeps haikunisumbua hata siku moja.

Kuhusu saketi zenyewe, zote mbili zilikuja zikiwa na ubao safi na maelezo ya kutosha, ila kuna kipuri kimoja ambacho hakivumilii mbadala. Kapsuli ni kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ndogo mno, ya makumi ya pikofaradi, na rezista inayokutana nayo kwenye geti, yaani mguu wa kuingilia, ya transista lazima iwe kubwa kupindukia. Tukichukua kapsuli ya pikofaradi 50, rezista ya gigaomu 1 huanza kukata besi kwenye hezi 3 hivi, ya megaomu 100 huanza kwenye hezi 32, na ya megaomu 10, ambayo nilishawishiwa Kariakoo kwamba "inafanya kazi ileile", huanza kwenye hezi 318, nayo humgeuza mwanamume mwenye sauti nene kuwa mpiga simu wa miaka ya zamani. Rezista za kawaida nilizipata hukohuko Kariakoo bila shida, lakini za gigaomu ilibidi niziagize nje.

Ukubwa huohuo wa rezista ndio ulionitesa wakati wa masika. Asubuhi moja maikrofoni ya saketi ya Schoeps ilianza kutoa milio kama ya mahindi yanayopasuka kwenye chungu, kisha ikanyamaza jua lilipopanda. Mabaki ya flaksi, ile dawa ya kulehemia, niliyoyaacha ubaoni yalikuwa yamenyonya unyevu, na kwenye kiwango cha gigaomu hata alama ya kidole ni njia tosha ya umeme kuvuja. Nilisugua ubao kwa alkoholi ya aisopropili na mswaki laini, nikainua mguu wa geti, rezista na waya wa kapsuli vikakutana hewani bila kugusa ubao, na milio haijarudi tangu hapo. Maelezo yaliyokuja na saketi hayakugusia jambo hili hata kwa mstari mmoja, na kwa mtu wa pwani hilo ni pengo kubwa.

Kwa sasa K67 imebaki kwenye saketi ya U87, na K47 ya kweli, iliyonifikia kutoka kwa muuzaji wa pili, imo kwenye ile ya Schoeps. Ile ya uongo nimeifungia kwenye kopo la plastiki pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ikisubiri siku nitakapojenga saketi nyingine ya U87.