Redio ya Agano Jipya inayotumia jua, niliyomnunulia mama Tukuyu

Naanza na bei, maana ndiyo mtakayoiuliza: sh. 65,000, duka la vitabu vya dini Mbeya mjini. Nilijaribu kuomba punguzo, muuzaji akaniambia neno la Mungu halina mnada. Haya. Ni kisanduku cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, spika mbele, paneli ndogo ya sola mgongoni, tochi ubavuni, na ndani yake kuna Agano Jipya zima, tafsiri ya Union Version, linasomwa kwa sauti. Hakishiki stesheni yoyote, ila nyumbani wote wanakiita redio, na mimi nitakiita hivyo hivyo.

Mimi ni fundi simu, kwa hiyo kabla ya kumpelekea mama nilikifungua nikakichungulia. Betri ni ile ya lithiamu ya duara, 18650, volti 3.7, ambayo utaipata kwa fundi yeyote anayetengeneza tochi na pawabenki. Hapo nimewapa alama zote, kwa sababu vifaa vingi vya namna hii vimegandishwa gundi ndani, betri ikifa umetupa. Tundu la chaji ni lile la simu za zamani. Mashaka yangu yako kwenye paneli. Boksi linasema ukianika juani siku moja unasikiliza usiku kucha. Labda Dodoma. Kwetu Rungwe mvua haina msimu wa kupumzika, na wingu likishuka kutoka mlimani hata nguo za mtoto hazikauki. Masika nzima tunachajia kwa jirani mwenye umeme. Kama unanunua kwa ajili ya mtu wa sehemu za baridi na mawingu, hakikisha waya umo kwenye boksi. Wangu haukuwemo.

Vitufe navyo ni tatizo. Viko vitano, saizi moja, vyeusi juu ya cheusi, na hiki ni kitu kinachotangazwa kwa wazee na wasioona! Mama ana mtoto wa jicho, herufi za Biblia yake alishaziaga. Nimembandikia punje ya mchele kwa supaglu kwenye kitufe cha kurudisha nyuma, sasa anakipata kwa kidole gumba bila kuhangaika.

Jingine: ukiizima muda mrefu inasahau ilipoishia, inaanza upya Mathayo 1. Mimi ile orodha ya Ibrahimu akamzaa Isaka ilikuwa inanipandisha hasira. Mama anaipenda. Kwa Mnyakyusa wa umri wake mtu hajulikani mpaka umjue kazaliwa na nani, na akifika kwa Tamari, Rahabu na Ruthu huwa anaguna, maana habari zao anazijua.

Lakini ushauri wangu ni huu: ruka, anza na Marko. Ina sura 16 tu, ndiyo fupi kuliko Injili zote, na jioni moja inatosha kuisikiliza yote. Kanisani Yesu tunapewa vipande. Jumapili hii mistari sita, Jumapili ijayo mistari sita ya kitabu kingine, katikati mahubiri na matangazo ya harambee. Ukimsikia mfululizo ndipo unaona siku yake ilivyokuwa. Ile siku ya Kapernaumu katika sura ya kwanza: sinagogi, mtu mwenye pepo, kutoka hapo nyumbani kwa Simoni, mkwewe ana homa, jioni mji mzima umejaa mlangoni na wagonjwa wao. Alfajiri, giza bado, ameshatoka kwenda kuomba peke yake, na akina Simoni wanamfuata kumwambia watu wote wanamtafuta. Baadaye kwenye dhoruba ziwani anakutwa amelala, kichwa juu ya mto, upande wa nyuma wa chombo. Mama akasema, “Kumbe alikuwa anachoka.” Miaka yote ya ushirika wa Moravian, sijawahi kusikia mtu akilisema hilo mimbarani.

Sura ya tano ndiyo imeturudisha nyuma mara nyingi. Binti wa Yairo, miaka kumi na miwili, amefufuka, wote wamepigwa na butwaa, na Yesu anaagiza apewe chakula. Mama alishika ile punje ya mchele, akarudisha. “Wote wanashangaa, yeye anawaza mtoto hajala.” Mimi shule ya Jumapili nilikariri mstari wa Petro kwamba Kristo alituachia kielelezo tufuate nyayo zake, na kwa jinsi tulivyofundishwa, nyayo zenyewe zilikuwa usilewe, usiibe, usitoroke kwaya. Habari ya uji haikutajwa.

Katikati ya habari ya Yairo kuna yule mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akapona kwa kugusa vazi la Yesu kwa siri, na Yesu akauliza ni nani aliyemgusa. Hapo kibarazani palichimbika. Shangazi mmoja aliuliza kwa nini Yesu amlazimishe kujitokeza mbele ya umati, si kumwaibisha huko? Jirani akamjibu kwamba angeondoka kimya kimya, kijijini wangeendelea kumkimbia kama mwenye unajisi. Ilibidi asikike akiitwa binti, mbele ya wote. Shangazi hakukubali. Chai iliisha, ubishi haukuisha. Redio ilikuwa imefika sura ya saba inajisomea peke yake.

Sasa lawama yangu kubwa. Imeigizwa na sauti nyingi, kila mtu na msomaji wake, muziki chini. Wengine wote wamefanya vizuri, Petro hasa. Aliyesoma maneno ya Yesu ana sauti nzuri, lakini amesoma kila kitu kwa upole ule ule wa kuaga maiti. Marko 3, yule mtu mwenye mkono uliopooza, imeandikwa waziwazi kwamba Yesu aliwakazia macho pande zote kwa hasira. Msimulizi anaitamka hasira, kisha anaingia Yesu, mpole kama kawaida, kinanda kinalia. Walioandaa walimwogopa Yesu mwenye hasira. Hasara ni ya msikilizaji, maana anabaki kudhani kumfuata ni kuongea polepole.

Yohana 13 wamepatia. Hakuna muziki, unasikia maji tu kwenye beseni, na Petro anavyokataa kuoshwa miguu. Nyaraka za Paulo sizipendekezi kwa sauti. Mwanzo wa Waefeso sentensi haina mwisho, na msomaji ana haraka zake. Ufunuo wamejaza ngurumo na tarumbeta mpaka kuku wanakimbia. Mama huizima.

Sauti yenyewe ni kali ya kutosha kibaraza cha watu kumi. Zaidi ya hapo inakwaruza. Tochi ni nzuri, imemsaidia kwenda chooni usiku kuliko nilivyotarajia. Waranti ni karatasi tu, nilipoiulizia pale dukani nilitazamwa kama nimeuliza habari za mwezini.

Kwa ujumla naipa nne kwa tano, ile moja imeliwa na vitufe na ile sauti ya msibani. Mama amezoea kusema “ndaga”, yaani asante kwa Kinyakyusa, kila sura ikiisha, kana kwamba kuna mtu ndani.

Kitu cha mwisho. Tulipofika kwa Bartimayo kipofu, pale anapompigia Yesu kelele na watu wanamnyamazisha, mama aliwaka: kelele zake zinawauma nini? Kisha Yesu anamuuliza yule kipofu, “Wataka nikufanyie nini?” Mama akacheka, akasema wanawe hawajawahi kumuuliza hivyo, wanaleta tu. Nikajua na redio imo. Basi nikamuuliza. Akasema anataka hii hii, lakini ya Kinyakyusa, kwa sababu Kiswahili cha humo anakisikia ila hakicheki. Maneno yote yako kwenye memori kadi, naweza kuibadilisha mwenyewe kwa dakika mbili. Anayejua duka lenye kadi ya Kinyakyusa, Mbeya, Tukuyu au Kyela, aandike hapa chini na bei.